SOMO LA HISTORIA: MCHEZAJI ALIPWE AU ASILIPWE? Mashindano ya rugby katika jimbo la Yorkshire



Katika somo hili tutaangalia historia ya mchezo ambao wengi wetu hatujaucheza hata siku moja. Mchezo huo ni rugby, na mahali petu pa kuutazama ni Yorkshire, jimbo kubwa la kaskazini ya Uingereza. Mmoja atauliza: «Rugby ya Waingereza inatuhusu nini?» Ulizo ni zuri. Tunasoma historia hii juu inatuonyesha namna sheria moja inavyoweza kuwa nyepesi kwa tajiri na nzito kwa maskini, hata kama imeandikwa kwa maneno yale yale kwa wote. Tena inatuonyesha namna ndugu wa mchezo mmoja walivyoachana kwa miaka mia moja juu ya shilingi sita.

1. MCHEZO WENYEWE

Rugby inachezwa kwa mpira wa mfano wa yai. Mchezaji anaweza kuupiga kwa mguu, lakini zaidi anaubeba mikononi na kukimbia nao. Hana ruhusa ya kuutupa mbele kwa mikono. Akitaka kumpa mwenzake, sherti mwenzake awe kando au nyuma yake. Adui wanamkamata na kumwangusha chini. Akifika nyuma ya mstari wa adui na kuugusisha mpira chini, ekipe yake inapata pointi.

Kuna rugby mbili, na tusizichanganye. Ya kwanza ni ya watu 15 kila upande. Inaitwa rugby union. Ya pili ni ya watu 13. Inaitwa rugby league. Zamani ilikuwa moja tu. Namna ilivyogawanyika ndiyo habari ya somo letu.

2. TOKA SHULE YA MATAJIRI MPAKA VIWANDANI

Jina la mchezo linatoka kwa mji wa Rugby, katikati ya Uingereza, mahali palipo shule ya zamani ya watoto wa watu wakubwa. Watu wanapenda kusimulia ya kwamba mwanafunzi mmoja, William Webb Ellis, mwaka 1823 aliubeba mpira mikononi na kukimbia nao, na hivi rugby ilizaliwa. Lakini habari hiyo ilianza kusimuliwa miaka mingi nyuma, na hakuna ushuhuda wenye nguvu. Jambo la hakika ni hili: mwaka 1845 wanafunzi wa shule ile waliandika wenyewe sheria za mchezo wao. Si walimu walioziandika, ni wanafunzi.

Vijana wale walipomaliza masomo wakaenda na mchezo wao mijini. Tarehe 26 Januari 1871, wajumbe wa kilabu 21 walikutana London na kuunda chama cha rugby cha Uingereza. Wengi wao walikuwa wanasheria, waganga, wafanya biashara na watu wa biro. Watu kama hao waliweza kucheza bila kuuliza saa.

Kaskazini mambo yalikuwa mbalimbali. Katika Yorkshire na jirani yake Lancashire kulikuwa viwanda vya nguo na migodi ya makaa ya mawe. Watu walifanya kazi siku sita. Lakini sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilisema ya kwamba katika viwanda vya nguo wanawake na vijana wasifanye kazi kupita saa nane ya mchana siku ya posho, yaani jumamosi. Mashini ziliposimama kwa wanawake, mara nyingi zilisimama kwa wanaume vilevile. Pole pole mchana wa siku ya posho ukawa wakati wa mapumziko ya mfanya kazi, na rugby ikapata wachezaji wapya: watu wa mashini, wachimbaji, wapakiaji.

Makanisa pia yaliingia humo. Kilabu ya Wakefield Trinity ilianzishwa mwaka 1873 na vijana wa kanisa moja la mji wa Wakefield, na jina lake, Utatu, linatoka kwa kanisa lile.

3. KOMBE NA SHAMPIONA

Mwaka 1877 jimbo la Yorkshire liliweka kombe lake. Kilabu ya Halifax ilikuwa ya kwanza kulipata. Hapo mchezo uliwaka moto. Mji ulikuwa unashindana na mji, mtaa na mtaa. Watu maelfu walilipa feza mlangoni ili waone. Na feza ikiingia mlangoni, ulizo linaingia pamoja nayo: feza hii ni ya nani?

Kombe lina ubaya mmoja: ukishindwa mara moja umetoka, unabaki kutazama wengine. Shampiona ni njia ingine. Katika shampiona kila ekipe inakutana na kila ekipe, wanahesabu pointi, na mwisho wa mwaka yule mwenye pointi nyingi ndiye wa kwanza. Fanyeni hesabu: ekipe zikiwa 12, na kila moja ikikutana na ingine mara mbili, nyumbani na ugenini, tutapata mapambano 12 × 11, yaani 132. Hata ekipe iliyoshindwa leo iko na kazi juma linalokuja. Kilabu inajua mbele ya wakati siku gani itacheza na nani, na watazamaji wanajua vilevile.

Mpira wa miguu wa Uingereza ulikuwa umeonyesha njia. Mwaka 1885 chama chake kilikubali wachezaji walipwe, na mwaka 1888 shampiona yake ilianza. Kilabu kubwa za rugby za kaskazini ziliona na kutamani. Basi mwaka 1892 zile za Yorkshire zikaanzisha shampiona yao, na zile za Lancashire vilevile.

Jimbo la Yorkshire lilikuwa na nguvu nyingi wakati ule. Mashindano ya majimbo yote ya Uingereza yalianza mwaka 1889. Katika miaka minane ya kwanza, 1889 mpaka 1896, Yorkshire ilishinda mara saba. Lancashire mara moja, mwaka 1891. Hakuna jimbo lingine lililopata kitu.

4. SHILINGI SITA

Sasa tufike kwenye mzizi wa magomvi. Chama cha London kilikuwa na sheria kali, iliyotungwa mwaka 1886: mchezaji asipokee feza hata kidogo kwa ajili ya kucheza. Mchezo ni mchezo, walisema, kazi ni kazi.

Angalieni namna sheria hiyo ilivyowagusa watu wawili. Wa kwanza ni mwanasheria. Siku ya posho anafunga biro yake, anapanda treni, anaenda kucheza mbali, anarudi. Hakupoteza kitu. Wa pili ni mchimbaji wa makaa. Ili afike uwanjani mbali sherti aache kazi asubuhi, na akiacha kazi hapati mshahara wa siku ile. Akirudi nyumbani na mguu umevunjika, majuma mengi yanapita bila feza, na watoto wanakula. Wote wawili wako chini ya sheria moja. Lakini mmoja anacheza bure, na mwingine analipa ili acheze.

Watu wa Yorkshire hawakuomba mshahara wa kucheza. Waliomba tu ya kwamba mchezaji arudishiwe ile feza ya kazi aliyoikosa juu ya mchezo. Mwezi wa Septemba 1893 walipeleka shauri hilo kwa mkutano mkubwa wa chama, London. Wajumbe wengi wa kaskazini walisafiri kwa treni toka mbali. Upande mwingine ulikuwa umejitayarisha vizuri, na kilabu nyingi zilituma sauti zao kwa barua. Wakapiga kura: 136 walikubali, 282 walikataa.

Tusifikiri ya kwamba waliokataa wote walikuwa watu wa kusini wenye kiburi. Katika Yorkshire yenyewe kulikuwa mtu mmoja mwenye ukali kupita wote juu ya malipo: Frank Marshall, mchungaji wa Anglikana na mkubwa wa shule karibu na Huddersfield. Yeye na wenzake walikuwa na sababu zao. Walisema: feza ikiingia, kilabu tajiri itanunua wachezaji wa kilabu maskini. Mchezaji atasahau furaha na kutafuta faida. Kilabu ndogo za vijiji zitakufa. Tushike maneno hayo, juu tutayarudilia.

5. HOTELI YA HUDDERSFIELD

Kisha kura ile, chama kilizidi kukaza. Kilabu iliyoshukiwa kulipa ilifungiwa. Kilabu kubwa za kaskazini ziliona ya kwamba zitafukuzwa moja moja. Basi tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wao walikutana katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield, inayoitwa George. Wakakata shauri: wanatoka, wanaunda chama chao wenyewe. Kilabu 22 ndizo zilizoanza safari hiyo, kati yao Leeds, Halifax, Hull, Huddersfield, Bradford na Wakefield Trinity za Yorkshire, pamoja na Wigan, Oldham na St Helens za upande wa Lancashire.

Sheria yao ya kwanza juu ya feza ilikuwa ndogo: shilingi sita kwa siku ya kazi iliyopotea, si zaidi. Lakini mlango ukisha kufunguliwa kidogo haubaki hapo. Mwaka 1898 wakakubali malipo ya wazi, kwa sharti mchezaji awe na kazi ingine ya kweli. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji toka 15 mpaka 13, ili mchezo ukimbie na watazamaji wapendezwe. Mwaka 1922 wakachukua jina la Rugby Football League. Hivi mchezo mmoja ukawa miwili.

6. WALIOBAKI

Historia inapenda kuandika habari za wale waliotoka. Lakini waliobaki je? Katika Yorkshire kilabu nyingi zilifuata njia ya Huddersfield, na zile za watu 15 zikawa chache na zenye zaifu. Zingine ziliacha rugby kabisa: kilabu ya Manningham, iliyokuwa ya kwanza kushinda shampiona ya chama kipya, mwaka 1903 iligeuka kuwa kilabu ya mpira wa miguu, ile tunayoijua leo kwa jina la Bradford City.

Chama cha London pia kilipata hasara. Muda wa miaka kumi hivi kilipoteza karibu nusu ya kilabu zake. Ekipe ya Uingereza, iliyokuwa ikijazwa na wenye nguvu wa kaskazini, ilishinda mashindano ya inchi jirani mwaka 1892, kisha haikuyashinda tena mpaka 1910. Na jimbo la Yorkshire, lililoshinda mara saba katika miaka minane, lilingoja toka 1896 mpaka 1926 ili lishinde tena. Miaka makumi tatu!

Sheria ya waliobaki ilikuwa ngumu. Mtu aliyecheza rugby ya watu 13 mara moja tu, hata kama hakupokea senti, alifungiwa maisha yake yote. Na shampiona? Wakubwa waliiogopa kama mama wa malipo. Kwa hiyo mamia ya kilabu za Uingereza zilicheza mapambano ya urafiki tu. Sekretere wa kilabu aliandika barua kwa sekretere mwenzake: «Njooni kwetu tarehe fulani.» Kilabu yenye jina ilialika kilabu yenye jina. Kilabu ndogo, hata kama imepata vijana wenye nguvu, haikuwa na njia ya kupanda. Nguvu zako hazikukusaidia kama jina lako halikujulikana.

Lakini tuseme kweli, namna hiyo ilikuwa na uzuri wake. Kisha mchezo ekipe mbili zilikula na kunywa pamoja. Mfanya kazi wa banki, mkulima wa kondoo na mwalimu walikuwa katika ekipe moja, na kila mmoja alilipa kotizasio yake ili kilabu iishi.

Vita ya pili ya dunia ilionyesha jambo la kushangaza. Wakati ule chama kiliruhusu maaskari wa rugby zote mbili wacheze pamoja. Mwaka 1943, Leeds, na mwaka 1944, Bradford, ekipe ya maaskari wa rugby ya watu 13 ilipambana na ile ya watu 15. Walicheza kwa sheria za watu 15. Kumbe wale wa 13 walishinda mara zote mbili! Vita ilipokwisha, mlango ulifungwa tena. Maaskari waliokufa pamoja waliruhusiwa kucheza pamoja. Waliorudi wazima walikatazwa.

7. SHAMPIONA INARUDI, 1987

Mambo yalianza kugeuka pole pole. Mwaka 1971 Uingereza iliweka kombe la kilabu la inchi nzima. Mwaka 1973 jirani zao wa Scotland walianzisha shampiona, na mchezo wao haukufa. Katika Uingereza kilabu za jimbo moja zilianza kupangwa kwa listi, kufuatana na ushindi wao.

Mwisho, mwezi wa Septemba 1987, shampiona ya inchi nzima ilianza. Kilabu zaidi ya elfu moja ziliingia kwa mara moja. Waliipanga kama piramidi. Juu kabisa zilikuwa divizio za inchi nzima. Chini yake inchi iligawanyika katika sehemu nne: Kaskazini, Katikati, London na kusini-mashariki, na Kusini-magharibi. Chini ya kila sehemu zilikuwa divizio za majimbo. Yorkshire ilipata divizio zake kadhaa, na aliyeshinda ya juu kati ya hizo alipanda katika divizio za Kaskazini. Waliokuwa nyuma walishuka. Tangu siku ile, kilabu ya kijiji iliweza kupanda ngazi kwa nguvu zake, bila kuomba barua ya mtu.

Angalieni tena: shampiona hii ilikuwa ya watu wasiolipwa. Jambo ambalo wakubwa wa 1895 walisema haliwezekani, shampiona bila mshahara, lilitendeka kwa miaka minane.

8. FEZA INAKUBALIWA, 1995

Mwezi wa Agosti 1995, kisha kombe la dunia lililochezwa katika Afrika ya Kusini, wakubwa wa rugby ya dunia walifuta sheria ya kukataza malipo. Ilikuwa miaka mia moja kamili, karibu na siku yenyewe, tangu kikao cha Huddersfield.

Je, maneno ya Frank Marshall na wenzake yalikuwa ya bure? Tutazame mji wa Leeds. Mwaka 1991 kilabu mbili za zamani, Headingley na Roundhay, ziliungana ili zipate nguvu. Kilabu mpya ilipanda mpaka divizio ya juu kabisa mwaka 2001, na mwaka 2005 ilishinda kombe la inchi nzima. Yorkshire ilifurahi. Lakini wachezaji wa mshahara wanataka feza kila mwezi. Kilabu ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, na mwaka 2020, feza ikiwa imekauka, ilishuka toka divizio ya pili bila ushindi hata mmoja. Katika sehemu zingine za Uingereza ilikuwa vibaya zaidi: mwaka 2022 kilabu mbili za divizio ya juu, Worcester na Wasps, zilianguka juu ya madeni katikati ya mwaka wa mchezo.

Na kilabu ndogo? Hazikufa. Katika divizio za majimbo watu wanacheza kisha kazi, na wazee wa kilabu wanakata majani ya uwanja wenyewe. Ugonjwa wa korona ulisimamisha mashindano mwezi wa Machi 2020, na mwaka wa mchezo uliofuata shampiona ya kilabu hizo haikuchezwa. Mwaka 2022 chama kilipanga divizio upya, ili ekipe zisisafiri mbali sana na wachezaji wasichoke. Mfanya kazi akikosa kazi ya siku ya posho, au akikosa jamaa yake siku nzima juu ya safari, anaacha mchezo. Ni lile lile ulizo la mchimbaji wa 1893, limerudi na nguo ingine.

9. TUFIKIRI

Nani alikuwa na haki? Tusikimbie kujibu. Watu wa Yorkshire walisema kweli: sheria isiyotazama maisha ya maskini inamfungia mlango, hata kama haimtaji jina. Watu wa London walisema kweli pia: feza ikishika usukani, mchezo unaweza kuanguka pamoja na feza. Kosa kubwa lilikuwa kukataa kukaa pamoja na kutafuta njia ya katikati. Shilingi sita za siku iliyopotea hazikuwa mshahara. Kama zingekubaliwa mwaka 1893, labda hatungekuwa na rugby mbili leo.

Hata sisi tuko na mashindano yetu, na kotizasio, na viatu, na safari za kwenda kucheza kwa jirani. Tukitunga sheria ya ekipe, tuulize kwanza: itamgusa namna gani yule mwenzetu anayetoka mbali, au yule anayefanya kazi kisha masomo ili alipe karo yake?

MAMBO YA KUSHIKA
1871: chama cha rugby kinaundwa London.
1877: kombe la Yorkshire.
1892: shampiona ya kwanza ya Yorkshire.
1893: kura juu ya feza ya kazi iliyopotea, 136 kwa 282.
1895: kilabu 22 zinatoka.
1987: shampiona ya inchi nzima, bila malipo.
1995: malipo yanakubaliwa.

MAULIZO
1. Sheria gani ilifanya wafanya kazi wa viwanda wapate wakati wa kucheza siku ya posho?
2. Onyesha ubora mmoja wa shampiona kupita kombe.
3. Ekipe 8 zikikutana kila moja na ingine mara mbili, kutakuwa mapambano mangapi?
4. Kwa nini mwanasheria na mchimbaji hawakubeba sheria ya 1886 kwa uzito mmoja?
5. Mjadilie darasani, nusu mkisimama upande wa Yorkshire na nusu upande wa London. Kisha mbadilishane pande.